Kupunguza Mwachano wa Ndege Juu ya Atlantiki: Nafasi, Habari na Maneno

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, nalo ni hili: kwa nini ndege zinazovuka Atlantiki ya Kaskazini zililazimika kwa miaka mingi kuachana kwa zaidi ya kilomita 200, na kwa njia gani umbali huo umepunguzwa hatua kwa hatua hadi leo ndege mbili zinaweza kufuatana zikiwa zimeachana kwa kilomita 26 tu. Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza mwanaisimu anatafuta nini huko angani. Tunatumaini kumwonyesha kwamba kila mara nafasi ilipopunguzwa, mzigo uliokuwa ukibebwa na utupu wa anga ulihamia kwenye ishara, yaani tarakimu, herufi, na mara nyingine neno dogo la mahusiano ambalo wanafunzi wetu huliruka wanaposoma.

Kwanza tutatue swali la istilahi. Neno lililo karibu ni "utengano", lakini katika Kiswahili neno hili lina sifa mbaya. Methali inasema kuwa utengano ni udhaifu, na Said Ahmed Mohamed alipoipa riwaya yake ya mwaka 1980 jina hilo hakukusudia kuusifu. Angani mambo ni kinyume: utengano ndio uhai. "Masafa" nalo lingefaa, kama lisingekuwa tayari linatumika kwa mawimbi ya redio, na redio ndiyo itakayotushughulisha kurasa hizi zote. Kwa hiyo tutatumia "mwachano". Tutatofautisha mwachano wa kimo, wa ndege iliyo juu na iliyo chini. Mwachano wa kando, wa njia mbili zinazokwenda sambamba. Na mwachano wa mfuatano, wa ndege mbili zilizo katika njia moja. Inatosha aina moja kati ya hizi tatu iwepo, na ndege hazitagusana.

2. Msimamizi asiyeona

Katika nchi kavu msimamizi wa safari za ndege huziona kwenye kioo cha rada. Rada hutuma wimbi na kulipokea likirudi, hivyo inajua mahali ndege ilipo bila kumwuliza rubani. Lakini wimbi hilo hunyooka, ilhali dunia imepinda, na ndege ikifika kilomita 400 hivi kutoka pwani huzama nyuma ya upeo kama jua la jioni. Kutoka hapo hadi ng'ambo ya pili hakuna rada. Na njia hii si ya ndege chache: katika siku ya kawaida zaidi ya ndege 1,000 huivuka, nyingi zikienda magharibi mchana na kurudi mashariki usiku.

Nusu ya mashariki ya anga hilo huongozwa na kituo kiitwacho Shanwick, na nusu ya magharibi na kituo cha Gander, huko Newfoundland nchini Kanada. Jina Shanwick halipo kwenye ramani yoyote ya miji. Limeundwa kwa kuunganisha Shannon ya Ireland na Prestwick ya Scotland, kwa sababu kazi yenyewe imegawanywa: wasimamizi wanakaa Prestwick, na wenye redio wanakaa Ballygirreen, karibu na Shannon. Mgawanyo huu si jambo dogo kwetu. Kwa miongo mingi rubani hakuzungumza na msimamizi. Alizungumza na mtu wa redio, katika mawimbi mafupi yenye kelele za radi na upepo wa jua. Huyo aliandika alichosikia, akakipeleka kwa msimamizi. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Maneno yalipita vinywa viwili na mikono miwili kabla ya kutekelezwa.

Rubani alitoa taarifa ya mahali alipo kila alipovuka digrii 10 za longitudo. Kwa ndege ya kisasa hizo ni dakika 40 hadi 50 za mwendo. Katika muda huo ndege husogea zaidi ya kilomita 600, na msimamizi hana habari yoyote isipokuwa ile ya mwisho aliyopewa na hesabu aliyoifanya mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Hapo ndipo tunaelewa maana ya mwachano. Kilomita zile hazikupimwa kwa ukubwa wa ndege, ambayo haizidi mita 80 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Zilipimwa kwa ukubwa wa kutojua kwa msimamizi. Asiyejua ndege iko wapi ndani ya kilomita 100 hulazimika kuiwekea kilomita 100 za kupotelea.

3. Hesabu ya hatari

Hadi miaka ya 1970 mwachano wa kando ulikuwa maili za bahari 120, sawa na kilomita 222. Kwa kuwa upepo mkali wa juu huifanya njia moja kuwa bora kuliko nyingine zote, mashirika yote yaliitaka njia hiyohiyo kwa saa ileile. Aliyechelewa kuomba alisukumwa kilomita 222 kando, au kwenye kimo cha chini ambako injini hula mafuta mengi zaidi. Katika miaka ya 1960 lilitolewa shauri la kushuka hadi maili 90. Marubani walilipinga vikali. Waliuliza swali ambalo wakati huo halikuwa na jibu: nani amepima?

Jibu lilianza kupatikana kwa P. G. Reich, wa taasisi ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa ndege iliyokuwa Farnborough, ambaye mwaka 1966 alichapisha njia ya kuhesabu uwezekano wa ndege kugongana. Hoja yake, kwa maneno ya kawaida, ni hii. Hakuna ndege inayokaa juu ya mstari wake kikamilifu. Kila moja huyumba kidogo, na mara chache sana huyumba mno. Ukijua ni mara ngapi zinayumba, na kwa kiasi gani, unaweza kuhesabu ni mara ngapi mbili zitayumba kuelekeana wakati uleule. Kisha jamii iamue ni hatari kiasi gani inayokubalika. Kiwango kinachotumika sasa ni ajali 5 kwa kila saa bilioni moja za kuruka, kwa kila aina ya mwachano. Saa bilioni moja ni sawa na ndege moja kuruka bila kutua kwa miaka 114,000. Tangu hapo haikutosha tena kusema "inaonekana ni salama", na kwa maoni yetu huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko mtambo wowote tutakaoutaja.

Mwaka 1977 zilianza kutumika kanuni zilizozitaka ndege zote katika vimo vile zithibitishe usahihi wa mitambo yake ya kuelekeza, na baada ya muda mwachano wa kando ukashuka hadi maili 60. Ni kama kutoka Lubumbashi hadi Likasi.

Hapa pana jambo la ajabu. Maili 60 ni sawasawa na digrii moja ya latitudo, na njia za bahari huandikwa kwa digrii. Rubani aliyeandika 51 mahali pa 50 hakupotea ovyo ovyo: aliingia barabara katika njia ya jirani yake, kwa usahihi wote ambao mtambo wake ulimpa. Uchunguzi wa makosa makubwa ya njia katika Atlantiki umerudia kuonyesha hali hii. Mtambo uliharibika mara chache. Tarakimu iliyokosewa ilikuwa kisa cha kawaida. Reich alikuwa amehesabu kuyumba kwa ndege, lakini kidole hakiyumbi kama ndege. Kidole huruka digrii nzima.

4. Kimo, na hatari ya usahihi

Juu ya futi 29,000 ndege ziliachana kwa futi 2,000, yaani mita 600 hivi, kwa sababu kipimio cha kimo husoma mgandamizo wa hewa, na kadiri hewa inavyopungua ndivyo kipimio kinavyokosea. Vipimio vilipoboreshwa, na vikakaguliwa kutoka ardhini na mitambo maalumu kama ule wa Strumble nchini Wales, ilionekana kwamba nusu ya nafasi ingetosha. Tarehe 27 Machi 1997 Atlantiki ya Kaskazini ikawa eneo la kwanza duniani kutumia futi 1,000 katika vimo hivyo, kwanza kati ya futi 33,000 na 37,000 tu. Ulaya ilifuata mwaka 2002, Marekani ya Kaskazini mwaka 2005, na Afrika mwezi Septemba 2008.

Lakini katika miaka hiyohiyo kulikuja mfumo wa satelaiti wa kujua mahali, GPS, na pamoja nao tatizo ambalo wengi hawakulitarajia. Zamani, ndege mbili zilizowekwa katika njia moja, moja juu ya nyingine, kwa kweli hazikuwa moja juu ya nyingine: moja ilikuwa imepotea kilomita 3 kushoto, nyingine 2 kulia. Endapo mmoja angekosea kimo, kupotea huko kungewaokoa wote. GPS iliondoa upotevu huo. Sasa ndege zote hupita juu ya mstari uleule kwa tofauti ya mita chache, na anayekosea kimo humkuta mwenzake palepale.

Mfano wake mchungu haukutokea baharini bali juu ya msitu wa Amazon. Tarehe 29 Septemba 2006, Boeing 737 ya shirika la Gol la Brazil na ndege ndogo aina ya Legacy zilikutana uso kwa uso kwenye futi 37,000, katika njia moja. Ncha ya bawa la ndogo ilikata bawa la kubwa. Watu 154 wa ndege kubwa walikufa wote. Ndogo ilitua salama. Mabawa mawili yanakutana katikati ya anga lote lile: ndivyo usahihi ulivyo pale kimo kinapokosewa.

Dawa iliyopatikana kwa bahari ni ya kufurahisha, kwa kuwa inarudisha kwa makusudi ule upotevu wa zamani. Rubani anaruhusiwa, tena anahimizwa, kusogea hadi maili 2 kulia kwa njia yake bila kumwomba mtu ruhusa. Anayesogea maili 1, anayesogea 2, na asiyesogea kabisa wanatawanyika wenyewe. Mhandisi ametumia miaka 30 kuondoa bahati nasibu, kisha anamwomba rubani aiingize tena kidogo.

5. Mzigo unapohamia kwenye maneno

Kuanzia miaka ya 1990 ujumbe wa maandishi ulianza kuchukua nafasi ya sauti. Boeing iliuweka kwanza katika ndege za 747-400 kwa ajili ya Pasifiki ya Kusini, mwaka 1995, na Atlantiki ikafuata. Msimamizi huchagua sentensi kutoka orodha iliyofungwa, nayo hutokea kwenye kioo mbele ya rubani. Rubani naye hujibu kwa maneno yenye maana ya "nitatii", "siwezi" au "subiri". Ndege yenyewe, bila rubani kugusa kitu, hutuma taarifa ya mahali ilipo kila baada ya dakika kadhaa.

Ilipofika Desemba 2015, njia za katikati zilianza kupangwa kwa nusu digrii, yaani maili 30, na tangu Machi 2018 ndege inayotaka nafasi hizo ndogo sharti ithibitishe ubora wa mawasiliano yake. Kipimo kimewekwa kwa sekunde: amri na jibu lake vikamilike ndani ya sekunde 240, na taarifa ya mahali ifike ndani ya sekunde 180. Tunamwomba msomaji aliyezoea nadharia za mawasiliano asimame hapa kidogo. Muda wa kutuma ujumbe, kuusoma, kuuelewa na kuujibu umegeuzwa kuwa kilomita. Rubani akichukua muda mrefu kuelewa, anga lazima lipanuliwe.

Je, sentensi za orodha iliyofungwa zinaeleweka daima? La. Kisa kinachojulikana sana ni cha amri yenye sharti la wakati. Msimamizi huandika, kwa Kiingereza, amri yenye maana ya "ifikapo saa 15:30 panda hadi kimo fulani". Sharti hilo limebebwa na neno moja la herufi mbili mwanzoni mwa sentensi. Marubani kadhaa wamelisoma kana kwamba linasema "kabla ya saa 15:30", neno ambalo nalo lina herufi mbili, au hawakuliona kabisa, wakapanda mara moja kuelekea kimo ambacho bado kilikuwa na mwenyewe. Kwa Kiswahili kosa hilo lingekuwa gumu zaidi, kwa sababu sharti limo ndani ya kitenzi: "ifikapo" haifanani na "kabla", na jicho haliwezi kuruka kiambishi kilichokazwa mwishoni mwa neno. Hatusemi kwamba Atlantiki iongozwe kwa Kiswahili. Tunasema kwamba lugha iliyochaguliwa ina mahali pake dhaifu, na mahali hapo pameonekana baada tu ya nafasi kupungua.

Kisa cha pili kingefaa darasa la fonolojia. Tunawafundisha wanafunzi jozi pambanuzi: "pata" na "bata", sauti moja ikibadilika maana inabadilika. Kompyuta za ndege zilikuwa na jozi yake. Kwa kanuni ya ufupisho ya siku nyingi, 5250N maana yake ni latitudo 52 kaskazini na longitudo 50 magharibi. Lakini N5250 maana yake ni latitudo 52 na nusu, longitudo ileile. Herufi ni zilezile na tarakimu ni zilezile. Tofauti ni kuwa N imetangulia au imefuata. Wakati njia zote zilipokuwa za digrii kamili jozi hii haikumdhuru mtu. Zilipoanza njia za nusu digrii, tofauti hiyo ikawa kilomita 55 na ikawa pia njia ya ndege nyingine. Mashirika yakashauriwa kuuacha ufupisho huo na kuandika H mwanzoni, H5250, ili nusu digrii iwe na alama yake peke yake. Ubaya zaidi ni kwamba vioo vingine vya ramani vilikuwa na nafasi ya herufi saba tu, hivyo dakika zilikatwa mwishoni, na nukta mbili tofauti zilionekana mbele ya rubani zikiwa na jina moja. Ndiyo maana marubani wanatakiwa kufungua kila nukta na kusoma tarakimu zake zote, mmoja akisoma na mwenzake akihakiki.

6. Ndege inayojishuhudia

Hatua kubwa ya mwisho ilianza mwaka 2019. Ndege za kisasa zina kifaa kiitwacho ADS-B, ambacho hutangaza jina, mahali na kimo chake karibu mara mbili kila sekunde. Hapo awali matangazo haya yalipokelewa na antena za ardhini tu. Kampuni ya Aireon iliweka vipokezi vyake ndani ya satelaiti 66 za Iridium, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, na kwa mara ya kwanza bahari yote ikaonekana. Habari iliyokuwa ikija kila baada ya dakika kadhaa sasa huja kila baada ya sekunde chache. Gander na Shanwick zikaanza kuruhusu mwachano wa mfuatano hadi maili 14, na wa kando hadi maili 19, kwa ndege zenye vifaa vinavyotakiwa. Kwa kuwa nafasi si haba tena kama zamani, tangu Machi 2022 njia za kupangwa kila siku zimeondolewa kwenye futi 33,000 na chini yake, na huko kila ndege huchagua njia inayoifaa.

Faida ni ya kweli: ndege inapanda mapema kwenye kimo chake bora, inapungukiwa na matumizi ya mafuta, na iliyopotoka hugunduliwa kabla haijafika kwa jirani. Hata hivyo kuna neno "kuonekana" ambalo tumelitumia hapo juu kwa uzembe wa kawaida. Rada iliona. Satelaiti za Aireon hazioni, zinasikia. Ndege inasema "mimi nipo hapa" na satelaiti inapokea ushahidi wa ndege juu ya nafsi yake. Ushahidi huo unatoka kwenye GPS, ileile inayoiongoza. Chanzo kikidanganywa, kuelekea na kuripoti vitadanganyika pamoja, tena kwa sauti moja.

Hili si jambo la kufikirika. Tangu vita vya Ukraine kupamba moto mwaka 2022, na baadaye vita vya Mashariki ya Kati, mawimbi ya GPS yamezibwa au kughushiwa katika maeneo mapana. Ndege iliyopita huko asubuhi huweza kufika ukingo wa Atlantiki mchana ikiwa mitambo yake bado haijapona. Msimamizi anapojulishwa hana budi kuirudishia nafasi ya zamani, na kuwasukuma wengine. Kwa sababu hiyo redio ya mawimbi mafupi, pamoja na kelele zake, haijaondolewa Ballygirreen.

7. Anga letu

Kwa msimamizi, msitu usio na rada ni bahari pia, na sehemu kubwa ya anga la Afrika ya Kati na pwani zake imeongozwa kwa taarifa za sauti kama Atlantiki ya zamani. Tarehe 13 Septemba 1997, mbali kidogo na pwani ya Namibia, katika anga lililosimamiwa kutoka Luanda, Tupolev 154 ya jeshi la anga la Ujerumani iliyokuwa ikienda kusini na C-141 ya jeshi la Marekani iliyokuwa ikitoka Windhoek zilikutana kwenye futi 35,000. Watu wote 33 walikufa. Hakuna iliyokuwa na kifaa cha kuonya juu ya ndege iliyo karibu. Miezi sita kabla yake Atlantiki ya Kaskazini ilikuwa imepunguza futi zake kwa ujasiri na hesabu. Huku kwetu futi 2,000 zilikuwa kwenye karatasi, na ndege mbili zikawa katika kimo kimoja bila mtu kujua.

Kwa sababu ya hali hiyo, shirika la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, liliwawekea marubani wa Afrika desturi ya kujitangaza wenyewe kwenye masafa ya redio 126.9, pamoja na mazungumzo yao na kituo. Anga la Kinshasa limo katika maeneo yaliyotajwa. Huko Kifaransa na Kiingereza vyote hutumika katika redio, na rubani anayejua lugha moja husikia nusu tu ya majirani zake. Matangazo ya 126.9 kwa hiyo hutolewa kwa Kiingereza peke yake. Mpangilio wake umewekwa. Rubani huita vituo vyote, hutaja jina la ndege na kimo, upande anakoelekea, alikotoka na aendako, njia anayoifuata, nukta aliyopita na saa, nukta inayofuata na saa atakayofika. Hamngojei mtu ajibu. Halafu, kabla ya kuachia kitufe, hutaja tena mambo mawili kati ya yote aliyokwisha kuyasema: jina la ndege, na kimo.